Mbuzi wa Kumalizana

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro, nikakuta geti limefungwa, nikasimama pembeni kama mtu aliyekuja kuomba maji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwezi uliotangulia, nasubiri matokeo, na shangazi alikuwa amenisemea kwa mwenye kiwanda. Kiwanda chenyewe unakijua, kipo hapa Ikungi kwenye barabara ya Dodoma, kinakamua alizeti. Wafanyakazi kumi na wanne, mashine tatu, mzani mmoja, na choo ambacho sitakieleza.

Naandika haya kwa ajili yako, Tatu, kwa sababu Jumatatu kiti changu cha ukarani kinakuwa chako. Wewe unarudi kutoka Itigi Jumapili, na mimi nitakuwa nimeshapanda basi kwenda kidato cha tano. Hata ungenikuta nisingekueleza vizuri. Mbele ya watu maneno yananikauka, unanijua. Kwenye daftari hayanikauki. Miezi saba si muda wa mtu kuitwa mstaafu, na mimi nina miaka kumi na minane tu, ila nimechoka uchovu ule wa babu akikaa chini. Nisome hivyo hivyo.

Mwenye kiwanda tunamwita Mkurugenzi. Ni mtu wa Iramba, mnene, mpole, anasali, na hajawahi kunifokea hata mara moja. Nakuambia mapema usije ukangoja mtu mbaya kwenye habari hii. Alinionyesha meza iliyo karibu na mzani, kompyuta iliyojaa vumbi la mashudu (yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, wafugaji wanayanunua), na mafaili matano. Manne yalikuwa yamechakaa. La tano lilikuwa jipya kabisa, limeandikwa FIDIA, na ndani hamna kitu.

"Hilo halina kazi sana," akasema. "Sisi hapa hatuna ajali. Tuna Mungu."

Nikasema ndiyo, Mkurugenzi.

Kazi ya karani ni hii. Asubuhi daftari la mahudhurio, kila mtu anasaini au anaweka dole gumba. Mchana unaandika magunia yanayopita kwenye mzani. Mwisho wa mwezi orodha ya mishahara, na baada ya hiyo, mchango wa fidia. Hapo kwenye mchango naomba usinisome haraka. Kwa sheria, mwajiri analipa kila mwezi kwenye mfuko wa fidia sehemu ndogo ya mishahara yote anayotoa. Ni bima, ila si ya gari wala ya jengo, ni ya miili ya watu wake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi, anayelipa ni mwajiri peke yake. Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa uliotokana na kazi, mfuko unabeba matibabu, unamlipa kwa siku anazokaa nyumbani, na akibaki na ulemavu anapimwa na kulipwa kwa kadiri ya ulemavu, wengine pensheni ya kila mwezi. Mwajiri kazi yake ni kutoa taarifa ndani ya siku saba tangu ajue. Hayo yote niliyasoma kwenye kijitabu nilichokikuta chini ya mguu wa meza, kimekunjwa ili meza isiyumbe. Nilikitoa nikaweka kigae.

Mkurugenzi hakuwahi kuruka mwezi. Aliuita kodi. "Ile kodi yao umeshaituma?" ananiuliza, na mimi nachukua kompyuta naenda nyuma ya stoo, maana mtandao unashika pale tu, karibu na banda la kuku. Utazoea. Jogoo mwekundu anadonoa.

Mwezi wangu wa pili pale alinipigia afisa wa fidia kutoka mjini Singida, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha darasa.

"Binti, hapo mnakamua kwa mashine au kwa maombi?"

"Kwa mashine, mama."

"Ongea, sikusikii."

"Kwa mashine."

"Basi miaka minne mnachangia na hamjaniletea hata ukucha. Kiwanda cha mafuta! Faili tupu si sifa, mwanangu. Kesho asubuhi watu wakisaini, angalia mikono yao, halafu unipigie."

Kesho yake nikaangalia. Tatu, nilikuwa nimekaa pale mwezi mzima, watu kumi na wanne wananyoosha mikono mbele ya macho yangu kila siku, na nilichokuwa nakiona ni saini tu. Mmoja alikuwa na kovu la kuungua kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Mmoja kucha mbili hazipo. Na Fundi Mkuu, yule mzee mwembamba anayezitunza mashine, anayeniita Karani Kimya, mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili vifupi, vimeishia kwenye pingili ya kati. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwuliza.

"Shikamoo Fundi. Hivyo vidole vilipatwa na nini?"

"Marahaba. Leo Kimya ameongea! Hebu njooni mumsikie." Wenzake wakasogea. Akakinyanyua kidole cha shahada. "Huyu alikuwa mbuzi jike, miaka minne sasa. Nyama yenyewe ngumu, nililalamika." Akakinyanyua cha kati. "Huyu beberu, mwaka juzi. Huyo alikuwa na mafuta."

"Mkono mzima ni ng'ombe," akasema mwingine.

"Ng'ombe bado hatujamwona," akajibu Fundi, na wote wakacheka wakaenda kuwasha mashine.

Ndivyo nilivyojua habari ya kumalizana. Mtu akiumia, Mkurugenzi anampeleka hospitali kwa gari lake na kulipa. Halafu anakwenda nyumbani kwao na mbuzi, blanketi na sukari, wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa pale pale, wanakula pamoja, na baada ya nyama jambo limefungwa. Huwezi kukaa na mtu mkatia mikono kwenye sinia moja halafu kesho ukamdai. Mkurugenzi hakuwa anamdanganya mtu. Alikuwa anafanya alivyoona baba yake akifanya. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa analipa mchango kila mwezi kwa ajili ya vidole vya watu, halafu vidole vikikatika anavilipia tena kwa mbuzi, na wenye vidole wanabaki na blanketi.

Yule afisa sikumpigia. Niliandika namba yake kwenye kiganja mara mbili, mara mbili nikanawa.

Mwezi wa tano alizeti ikaanza kuingia, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Mlishaji wa mashine ya pili alikuwa Yohana, kijana wa vijiji vya kule ndani, ana mke na mtoto mdogo. Mlishaji ndiye anayemimina mbegu kwenye mdomo wa mashine na kuzisukuma zisigande. Mdomo ule ulikuja na kifuniko cha chuma chenye matundu, mbegu zinapita, mkono haupiti. Kifuniko kilikuwa kimetundikwa ukutani tangu msimu uliopita kwa sababu kinachelewesha. Nilikuwa nakiona kila siku. Nilidhani ni chekeche.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Mashine haikupiga kelele, ilipunguza kelele. Ndiyo iliyonifanya niinue kichwa. Fundi Mkuu alikimbia akazima umeme, na kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku. Yohana alikuwa amesimama tu, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake. Vidole vinne havikuwepo. Hakulia. Alimwangalia Fundi akasema, "Sasa maksai nani atawafunga?"

Nilikimbilia nyuma ya stoo nikatapika. Halafu nikarudi mezani nikaandika tarehe na saa. Hiyo ndiyo siku ya kwanza kati ya saba.

Siku ya nne Yohana alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, na Mkurugenzi akaniita. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa hajalala. Akasema safari hii jeraha ni kubwa, kwa hiyo atapeleka beberu na gunia la mahindi, na patakuwa na karatasi, nayo niiandike mimi kwa sababu nina mwandiko. Hapa ndipo ninapokuambia ukweli wangu. Nilijua. Kijitabu kilikuwa kwenye droo yangu, nimekisoma mara tatu, kimeandikwa kwamba makubaliano ya mfanyakazi kuacha fidia yake hayana nguvu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikasema ndiyo, Mkurugenzi.

Nikaandika kwamba familia imepokea vitu hivi na hivi, shauri la mkono wa kijana wao limekwisha, na hawatadai kiwandani. Halafu nikaona sentensi imekaa vibaya. Nikaongeza, kwa hiari yangu mwenyewe, "wala popote." Nilitaka ipendeze.

Alasiri ile ile, nyumbani kwao Yohana, tulipokewa vizuri. Baba yake ni Mzee Njiku, mrefu, amevaa koti juu ya msuli, mtu wa maneno machache. Nikatakiwa kuisoma karatasi kwa sauti. Nikasoma huku nikiiangalia miguu yangu. Wakasema binti amesoma vizuri. Mzee Njiku akaweka dole gumba. Nyama ilipoiva, akachukua kipande cha ini akanipa kwa mkono wake mwenyewe, heshima ya mwandishi. Nikala. Yohana alikuwa amekaa ukutani, mkono umefungwa bandeji nene, mke wake anamlisha.

Siku ya tano sikulala, au niseme usiku wa kuamkia siku ya tano. Asubuhi nikampigia afisa, nikamweleza kila kitu, mpaka ini. Akasema, "Hiyo karatasi ni ya kuwashia jiko. Lakini nahitaji taarifa ya mwajiri, ya daktari, na Yohana mwenyewe aridhie. Siwezi kumlipa mtu anayesema hadai." Nikapanda bodaboda na fomu zangu kwenye bahasha.

Mzee Njiku alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umesahau nini?"

Nikamweleza, nadhani, kwa dakika nzima. Alinisikiliza. Akasema kwa Kinyaturu, taratibu, ili nisikose hata neno, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha.

"Jana umekaa hapa. Nimekupa ini. Umekula?"

"Nimekula, babu."

"Sasa unataka niende kwa watu nikaseme sikula?"

"Hapana, babu, ni haki ya—"

"Mimi nina majirani, mjukuu wangu. Walikuwepo. Njiku amekula mbuzi wa watu, sasa anakwenda Singida kudai mara ya pili. Watasema namuuza mtoto wangu kipande kipande."

Nikamwangalia Yohana. Alikuwa anajaribu kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja. Alisema, bila kuinua kichwa, "Baba ameshasema." Nikarudi na bahasha yangu.

Siku ya sita nikaingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kuitwa. Sijawahi kufanya hivyo tena. Nikasema taarifa ya Yohana lazima iende, mwisho ni kesho.

"Umeniandikia karatasi nzuri namna ile," akasema, "halafu unataka kuichana?"

"Ndiyo."

"Ukiwaita hao watakuja wakaguzi. Wataona kile kifuniko ukutani. Watafunga mashine msimu huu. Watu kumi na wanne watakula nini, binti? Nimewakosea nini? Kuna mwenye kiwanda hapa anayekwenda nyumbani kwa mgonjwa zaidi yangu?"

"Hakuna, Mkurugenzi."

"Basi."

Nikaegemea kabati. Nikasema, "Lakini mkono wa Yohana ulishaulipia."

"Nimelipa mbuzi."

"Kabla ya mbuzi. Kila mwezi. Mimi ndiye ninayetuma, nyuma ya stoo."

"Ile ni kodi."

"Siyo kodi. Ni vidole vyao. Miaka minne unalipia vidole, na hakuna aliyevichukua."

Tatu, yule ni mfanyabiashara. Mtu anayeweza kurudi kilomita kumi kwa gunia lililopungua debe. Nilimwona anahesabu, si fedha, watu. Midomo yake ilitembea: Fundi, yule wa kovu, Fundi tena. Akavua kofia. Akaiweka mapajani.

"Kwa nini hukuniambia kabla sijapeleka mbuzi?"

Mpaka leo sina jibu lingine zaidi ya hili, kwamba niliona aibu kuongea.

Alitoka akaenda kwenye mashine ya pili, akakitoa kifuniko ukutani, akamkabidhi Fundi Mkuu. Msimu mzima tulikamua polepole.

Siku ya saba asubuhi tulikwenda, yeye na mimi, na safari hii hatukubeba kitu. Mzee Njiku alikuwa amewaita wale wale waliokula. Mkurugenzi akasimama katikati ya ua akasema mbuzi alikuwa wa pole, si bei ya mkono. Alisema mkono una mlipaji wake, ule mfuko, na yeye alikuwa anauchangia siku zote bila kujua.

Mzee Njiku akafikiri.

"Pole haina karatasi," akasema. "Tukifiwa unatuletea karatasi? Ungekula nasi ukaenda zako, leo tusingekuwa na shida. Aliyeandika ni nani?"

Wote wakanigeukia. Watu kama ishirini, na watoto, na mbwa.

"Ni mimi, babu."

"Uliandika sawa?"

"Niliandika vibaya."

"Sisikii."

"Niliandika vibaya!" Ikatoka kubwa, mbwa akabweka. "Mkurugenzi hakusema niandike 'popote'. Neno hilo nililiweka mimi. Na nilikuwa najua si kweli, nikasoma mbele yenu, nikala ini."

Bibi mmoja pale nyuma akasema, "Na nyama ilimshuka!" na watu wakacheka, na Mzee Njiku naye akacheka kidogo puani. Akaingia ndani akatoka na karatasi. Hakuichana. Alinipa niichane mimi, vipande akavitupa kwenye majivu. Akamwambia mwanawe, "Nenda. Mbuzi amebaki wa pole. Hakuna atakayesema."

Yohana akaweka dole gumba la kushoto. Dole la kulia analo, lakini lilikuwa ndani ya bandeji. Saa kumi kasoro nilikuwa nyuma ya stoo, jogoo ananidonoa mguu, nikaituma taarifa.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Wakaguzi walikuja, mashine ya pili ikafungwa siku tano, wafanyakazi wawili waliacha kunisalimia mpaka leo. Daktari alijaza fomu vibaya, ikarudi. Kitambulisho cha Yohana jina la babu limekosewa, ikarudi tena. Matibabu yamelipwa, na malipo ya siku za kukaa nyumbani yameanza kuingia. Tathmini ya ulemavu inangoja kidonda kipone sawasawa. Pensheni yake sijaiona kwa macho yangu, utaiona wewe. Mkewe alikuja wiki iliyopita kuuliza, nikamwambia bado, akaniambia asante kwa bado. Anayefunga maksai sasa ni yeye.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikuwa napanga mafaili, Fundi Mkuu akaja akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hafanyi. Akauweka mkono wa kushoto juu ya meza, juu ya daftari langu.

"Na hivi je, Kimya?"

Nilijua angekuja. Nilikuwa naomba niondoke kabla. Kudai kuna muda wake, miezi kumi na miwili tangu ajali, na yeye beberu wake alikuwa wa mwaka juzi.

"Muda umepita, Fundi. Vyote viwili."

"Wote wawili."

"Ndiyo. Wataikataa."

Akavitazama vidole kama anavitazama mara ya kwanza. Hakutania. Nilingoja atanie, hakutania. Akasema, "Andika hata hivyo."

"Fundi, haitalipwa."

"Nimekusikia. Andika. Nataka liwemo kwenye faili, kwamba vilikatika hapa. Siyo kwamba nililiwa na mbuzi."

Nikachukua fomu mbili. Nikaandika kidole cha shahada, cha kushoto. Kidole cha kati, cha kushoto. Mashine ya kwanza, mashine ya tatu. Mashahidi wapo, aliwataja wote. Fundi anajua kuandika, kila asubuhi anasaini vizuri kuliko Mkurugenzi, lakini alipofika mahali pa kusaini alivuta kidau cha wino, akachovya vile vidole vyenyewe, kimoja kila fomu. Imetoka alama ndogo ya mviringo, haina mistari ya kidole, kama kitufe.

Utazikuta mbele kabisa kwenye faili la tano. Usizitoe.